Koti la Mkungu

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Kimetosha. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Ukimpelekea kitambaa cha mita tatu akakushonea gauni la mita mbili, nawe ukauliza kilichobaki kiko wapi, alivua miwani, akakutazama kwa huruma kama daktari mwenye habari mbaya, kisha akasema, "Kimetosha. Tena kwa kubana. Hakikubaki hata cha kufutia miwani." Halafu aliifuta miwani kwa ncha ya shati lake, ili uone mwenyewe kwamba hasemi uongo.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Kwenye kona ya mdomo wake hapakukosa pini mbili au tatu, hivyo watu waliomfahamu ukubwani walidhani amezaliwa na sauti ya puani. Ufundi wake ulikuwa wa kweli. Nguo aliyoishona yeye haikufumuka. Mwenye nguo angeweza kuchanika kwanza. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote nyumbani. Makochi yalisukumwa pembeni kuipisha. Mgeni aliyekuja kusalimia alikaa magoti yakigusa meza ya kupigia pasi, na kabla ya kuketi ilibidi apapase mto kwa kiganja, maana pini za fundi zilikuwa na tabia ya kusafiri.

Mkewe aliishi na hali hiyo miaka thelathini. Faraja yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya bafu na uzio wa michongoma, ambako alipanda mgomba mmoja pale yalipotokea maji ya kuoshea vyombo. Aliulisha majivu na maganda ya viazi. Machipukizi yaliyoota ovyo aliyang'oa yote, akabakiza moja la kurithi nafasi ya mama yake. Mwezi wa kumi na moja, mgomba ukatoa mkungu.

Juma hilohilo binti yao aliyeolewa mji mwingine akajifungua mapacha, na mama ikambidi aende kusaidia. Siku ya safari alisimama mlangoni, mkoba mkononi, akamwita mumewe aache kushona.

"Mzee, nakwenda miezi mitatu. Ule mkungu nimeuhangaikia karibu mwaka mzima. Nikirudi niukute mgombani, mzima, haujadonolewa na ndege wala hujaukata kwa tamaa. Nikiukuta hivyo, sitalalamika tena. Cherehani ibaki sebuleni mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka."

"Basi mpaka tufe. Lakini nisipoukuta, inatoka. Inakwenda barazani, na sebule inarudi kuwa sebule."

Kimetosha akatoa pini mdomoni, jambo alilolifanya kwa nadra sana. "Barazani kuna vumbi."

"Hata kwenye chai yangu kuna nyuzi."

Vumbi halikuwa tatizo lenyewe. Tatizo ni kwamba baraza ile ilitazama barabara, na mpita njia yeyote angeona mezani kitambaa kinavyoingia na kinavyotoka. Kwa maoni ya Kimetosha, fundi kukata kitambaa barazani ni sawa na mtu kuoga kwenye kituo cha basi.

Kwa hiyo aliutunza mgomba ule kwa moyo wote. Asubuhi aliumwagilia, jioni aliuamkia. Ua lililoning'inia chini ya mkungu alilikata kama alivyoagizwa, na kwa kuwa alilikata kwa mkasi wa kazi, mkono haukutetemeka. Wiki tatu zilipita salama. Wiki ya nne ndege wakaja. Wa kwanza walikuwa wawili, wakadonoa kichana cha juu kidogo tu, kama watu wanaoonja chumvi. Siku ya pili walikuja na jamaa zao.

Muuza mboga aliyekuwa akipita uchochoroni, beseni kichwani, alimkuta fundi amesimama katikati ya bustani akipunga shati la mteja.

"Fundi, hao hawafukuzwi kwa shati. Uvike mkungu gunia kuukuu. Juu ulifunge shingoni, chini uliache wazi. Basi."

"Gunia ni vazi la mkaa, mama. Huu una mwili. Tazama hapa, bega. Hapa panaingia ndani, kiuno."

"Hizo ni ndizi, fundi."

"Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuzipima."

Akazipima. Katika daftari lake la vipimo, baada ya suruali ya dereva wa teksi na kabla ya gauni la nesi, aliandika: Mkungu. Shingo, inchi nane. Bega, arobaini. Kiuno, thelathini na tatu. Urefu, thelathini na sita. Mwishoni akaongeza neno moja la tahadhari, kama alivyofanya kwa wateja aliowajua vizuri: Atanenepa.

Swali lilikuwa kitambaa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku hilo kulikuwa na kila kitu ambacho kwa miaka thelathini hakikubaki. Vipande vilikunjwa vizuri, vikafungwa kwa mafungu na vishikizo vyake. Lazima tumtendee haki: hakupata kuviuza, wala hakupata kujishonea hata soksi. Alishindwa tu kuvirudisha. Kila alipokishika kipande kizuri aliona katika mawazo yake mteja akikipeleka kwa fundi mwingine, mwenye mkasi butu, na roho ikamuuma. Afadhali kikae kwake, salama, kikisubiri kazi inayokistahili. Sasa kazi hiyo imekuja.

Alishona siku tatu mfululizo, huku gauni la nesi likiwa limelala mezani bila kola kwa mwezi wa pili. Koti lililotoka lilikuwa na vipande ishirini na sita vya rangi zote, kola iliyosimama, na vifungo kumi na viwili kuanzia shingoni hadi chini. Ndani alilitia bitana ya kitambaa cha makoti ya mvua. Pindo aliliacha pana, ili aliachie kila wiki kadiri mkungu utakavyonenepa. Na chini akaliziba, kwa kipande cha mviringo kama cha mfuko, akakishona mara mbili.

Muuza mboga alipopita tena alilizunguka koti lile mara moja.

"Chini umeziba."

"Nimemalizia. Nguo isiyo na mwisho inamwaibisha fundi."

"Na maji yatatokea wapi?"

"Yaingilie wapi kwanza? Ndani kuna koti la mvua."

Muuza mboga alilitazama lile shina la mkungu lililopita katikati ya kola, akafungua mdomo, akaufunga. Akajitwika beseni lake akaenda, kwa sababu mboga zilikuwa zinanyauka.

Ndege walikuja, wakatazama, wakaondoka. Mkungu ulisimama pale kama mgeni aliyevaa mapema na kuambiwa gari limechelewa. Kila Ijumaa Kimetosha aliupima, akaachia pindo nusu inchi, akarudi nyuma hatua tatu kutazama mkao. Miongoni mwa wateja wake wote huyu alikuwa bora. Hakunyanyua mabega wakati wa kupimwa, na hakuuliza nguo itakuwa tayari lini.

Furaha hiyo ndiyo iliyomsahaulisha. Ijumaa moja nesi alitoka zamu ya asubuhi akapitia gauni lake. Akabisha sebuleni, hakujibiwa. Akasikia mtu akiimba nyuma ya nyumba, akazunguka.

"Fundi."

"Naam, dada. Gauni lako limebaki kola tu."

"Lile la maua ya zambarau, pale begani."

"Bega gani?"

"Bega la ndizi."

Kimetosha akageuka polepole, kama mtu anayeliona koti hilo kwa mara ya kwanza.

"Kile ni kitambaa cha gauni langu la mahafali," nesi akasema.

"Gauni lako la mahafali si unalo nyumbani?"

"Ninalo. Halina mikono. Uliniambia kitambaa hakikufika kwenye mikono."

Fundi akafikiri. "Hata mkungu sikuushonea mikono," akasema.

Jibu hilo halikumsaidia. Kufikia alasiri bustani ilikuwa imejaa wateja. Dereva wa teksi alikitambua kitambaa cha kaki cha suruali yake, kisha akainama, akachungulia ndani kupitia tundu la kifungo, akatambua na koti lake la mvua. Watu walizunguka mkungu wakionyeshana kwa vidole kama wanaotazama picha ya ukoo. Hiki kile. Hiki changu. Hiki, nilikilipia mara mbili hiki.

Mwalimu mkuu mstaafu alifika wa mwisho. Alikagua vipande kimoja kimoja mpaka akaona cha kijivu karibu na chini.

"Suti yangu," akasema kwa utulivu uliowafanya watu wazima wasimame wima. "Niliishonesha siku nilipopandishwa cheo. Ukaniambia sketi itabidi iwe nyembamba, kitambaa ni kidogo. Miaka kumi na tano, fundi, nimetembea kwa hatua fupi kama kuku aliyefungwa miguu. Kumbe nusu ya hatua zangu ziko hapa."

Kimetosha alitaka kusema lile neno lake, lakini hata yeye aliona halifai.

Wote walitaka vipande vyao, na walivitaka palepale. Nesi alikuwa ameshatoa wembe kwenye pochi. Ndipo fundi akatema pini zote mkononi akaongea kwa sauti yake halisi, ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Akawaeleza habari ya mkewe, ya ahadi ya mlangoni, ya cherehani na baraza. Zimebaki wiki nne, akasema. Mkivua koti leo, kesho ndege watabakiza maganda. Nitakuwa nimepoteza ndizi za mke wangu na mahali pangu pa kazi kwa siku moja.

"Ulistahili yote mawili," akasema dereva.

"Ndiyo. Ila yeye hakustahili lile la kwanza."

Wakamtazama mwalimu mstaafu, kwa kuwa katika mtaa wetu ubishi wowote ulimalizikia kwake. Akatoa hukumu kama anayesoma ratiba ya mitihani. Hakuna atakayefumua kitu leo. Siku ya kuvuna kila mtu atachukua chake. Mpaka siku hiyo, kila mtu alinde chake.

Hilo la mwisho ndilo walilolishika kuliko alivyokusudia. Kesho yake asubuhi dereva alipitia kabla ya kazi kuangalia kaki yake. Jioni nesi akaja, akaweka mgongo wa kiganja juu ya maua ya zambarau kama anayepima homa. Haukupita muda wakaanza kushindana.

"Upande wangu umejaa kuliko wako, dada."

"Umejaa au umevimba? Mimi ndiye ninayejua tofauti."

"Wivu huo. Ndizi za kaki zinakula vizuri."

"Zinakula mbolea niliyoileta mimi."

Mgomba haukuwahi kupata maji mengi namna ile. Dereva alileta nguzo akauegemeza, maana shina lilianza kuinama kwa uzito. Mwalimu mstaafu aliandika zamu za kufukuza ndege na kuzibandika kwenye mlango wa bafu. Nguo za wateja nazo zikaanza kukamilika, kwa sababu fundi alikuwa na mashahidi bustanini tangu asubuhi hadi jioni na hakuwa na pa kujificha.

Zikiwa zimebaki siku sita mkewe arudi, mvua ikanyesha. Ilianza baada ya chakula cha mchana, ikapiga kwa saa mbili bila kupumzika. Maji yaliteremka kwenye majani, yakafuata shina la mkungu, yakapita shingoni katikati ya ile kola nzuri iliyosimama, yakaingia ndani ya koti. Humo yakakuta bitana ya koti la mvua, na chini yakakuta mshono wa mara mbili. Kitambaa kile kilizuia mvua sawasawa. Kilizuia isitoke.

Ilipokatika, Kimetosha alitoka nje akakuta koti limevimba kama mtungi. Mgomba ulikuwa umepinda, majani yakitazama chini, na ile nguzo ilikuwa inazama kwenye tope kidogo kidogo. Akapiga kelele. Walikuja wote wakikimbia, hata muuza mboga.

"Maji yameingilia shingoni," akasema muuza mboga, akatua beseni lake.

Dereva akalikumbatia shina kwa mikono yote miwili. Fundi akavamia vifungo, lakini kila kimoja alikuwa amekizungushia uzi mara nane, na sasa, vikiwa vimekazwa na uzito wa maji, havikusogea hata kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani alijilaumu kwa kazi nzuri.

"Toboeni chini, maji yatoke," akaamuru mwalimu mstaafu, akiinama kutazama.

Pale chini palikutana vipande vinne: kaki ya dereva, kijivu cha mwalimu, zambarau ya nesi, na cha bluu chenye madoa meupe.

"Toboa kaki," akasema nesi. "Kaki ni kaki tu."

"Kaki ni kaki tu? Suruali ile nimeolea," akasema dereva, shavu lake likiwa limebanwa kwenye mgomba. "Toboa zambarau, yeye mikono ameshazoea kuikosa."

"Rudia uniambie nikiwa hospitali na wewe umelala kitandani."

"Kijivu kisiguswe," akasema mwalimu, na hakuna aliyekuwa amekitaja.

Mgomba ukatoa mlio, kra, kama kiti kikuukuu kinachokaliwa na mtu mnene.

"Na hiki cha bluu cha nani?" akauliza nesi. Hakuna aliyejibu. "Basi, mwenyewe hayupo. Toboa hicho, fundi."

Kimetosha alikuwa ameshika mkasi lakini hakuunyanyua.

"Fundi. Cha nani?"

"Cha mke wangu," akasema. "Alitaka kilemba cha kufanana na gauni lake. Nikamwambia kitambaa..."

"Kimetosha," wakamalizia wote kwa pamoja.

Fundi alipiga goti kwenye tope. Alikuwa amekiweka kipande hicho chini kabisa, mahali ambapo mtu akisimama mlango wa jikoni hawezi kukiona. Sasa kikikatwa, tundu litaonekana. Kisipokatwa, hapatakuwa na mkungu wa kutazamwa. Akakiangalia kidogo, kisha akaingiza ncha ya mkasi katikati ya madoa meupe na kukata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Maji yalitoka kwa kishindo. Yalimkuta mwalimu mstaafu bado ameinama, yakamvaa kichwani, naye akaruka kando hatua moja ndefu ambayo ile sketi ya kijivu isingeiruhusu kamwe. Mgomba ukainuka polepole, na dereva akainuka nao kidogo, kwa kuwa alisahau kuuachia.

Siku sita baadaye mke wa fundi akarudi. Wateja walikuwepo bustanini, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kupita hapo kwa bahati. Aliuzunguka mkungu. Akafungua vifungo viwili vya juu, ambavyo sasa vilikubali, akatazama ndizi zilizojaa na kuviringika. Akateremka na macho hadi chini, kwenye tundu.

"Hiki changu," akasema.

"Ndiyo," akasema mumewe.

"Cha kilemba."

"Ndiyo. Nimekuwa nacho miaka yote. Nilikuwa na nia ya kukushonea kitu, sikujua nitasema nimekipata wapi."

"Mzee, sanduku lile liko chini ya kitanda tangu tuoane. Unadhani anayefagia chini ya kitanda ni nani?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nasubiri siku utakapokitoa," akaendelea mkewe. "Sikudhani kwamba ndizi zingenitangulia." Halafu akawageukia watu wote, ili wasikie. "Mkungu nimeukuta, mzima. Nilichosema ndicho hicho. Cherehani inabaki sebuleni."

Mtaa mzima ulipumua. Koti likavuliwa, kila mtu akafumua chake, na mkungu ukakatwa. Ulihitaji watu wanne kuubeba. Bustanini usingelala, kwa sababu ndege walikuwa wamekaa kwenye uzio tangu koti lilipovuliwa. Mwamba wa jikoni usingeuhimili. Nyumba nzima ilikuwa na chuma kimoja tu cha kutegemewa, juu ya dirisha la sebule, nao ukatundikwa hapo. Chini yake ilikuwa cherehani.

Saa haikupita utomvu ukaanza kudondoka. Tone la kwanza liliangukia meza ya cherehani, la pili nusu ya kidole kutoka gauni la nesi. Kila fundi anajua utomvu wa ndizi ukishaingia kitambaani hautoki kwa sabuni wala kwa dua. Kimetosha akalinyakua gauni, akautazama mkungu, akaitazama cherehani, akapima kwa macho. Hapakuwa na sehemu nyingine. Kwingine kote kulikuwa na makochi.

"Dereva, nisaidie kushika upande ule."

"Unaipeleka wapi?" akauliza mkewe. "Mimi nimesema ibaki."

"Barazani. Mpaka ziive tu."

"Uamuzi ni wako, mzee," akasema mkewe, akawafungulia mlango.

Tangu siku hiyo amekuwa akishona barazani, machoni pa barabara nzima. Wateja huleta viti vyao wenyewe na kukaa kutazama mkasi unavyopita. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, hugeuka kwenye dirisha na kuuliza kama ndizi zimeiva. Mkewe amekaa ndani kwenye kochi, ambalo sasa limesogezwa dirishani, chini ya mkungu uliobakiwa na vichana tisa.

"Bado," humjibu, mdomo umejaa.